Naiuza kwa 120, wananitajia 70: nimjibu nini mnunuzi?

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa miaka 57, mkazi wa Kimara Temboni, Dar es Salaam. Mume wangu alistaafu mwaka jana na tumekubaliana turudi kwao Muheza. Kule tulishapaua nyumba, imebaki plasta, milango, madirisha, umeme na choo. Fundi amepiga hesabu ya milioni 38. Ili tuimalize na tubaki na mtaji wa duka kama milioni 20, tumeamua kuuza nyumba yetu ya hapa mjini.

Dada, nyumba hii nimeijenga kwa kikoba na vitumbua. Kiwanja tulinunua 2006, tukahamia 2011 madirisha ya nyuma yakiwa bado yamezibwa kwa mabati. Leo ina vyumba vitatu, kimoja kina choo chake ndani, sebule, jiko, stoo, uzio wa tofali na tanki la lita 5,000. Kiwanja ni mita za mraba 600. Hati tunayo, tuliipata wakati wa urasimishaji, ila kwa sasa iko benki kwa sababu tulikopa kumlipia mtoto chuo. Deni limebaki kama milioni 14.

Tumeweka bei ya milioni 120 kwa kuwa jirani aliuza yake 130 mwaka juzi. Yake ilikuwa barabarani kabisa, yetu unaingia ndani kidogo kwa njia ya vumbi, lakini yetu ni nzuri zaidi. Tulimpa dalali, makubaliano asilimia 5. Akaitangaza hivi: "INAUZWA HARAKA, MWENYE NYUMBA ANA SHIDA, MAONGEZI YAPO."

Huu ni mwezi wa nne. Wa kwanza alipiga simu, hajawahi kufika, akasema ana 65 taslimu leo hii. Wa pili ni mzee mmoja ambaye ndugu yake anafanya kazi Muscat. Anatoa 105, lakini 30 sasa na 75 zilizobaki kidogo kidogo kwa miezi 14, na wanataka wahamie mara moja. Wa tatu ndio walioniumiza. Walikuja Jumapili, kijana na mkewe mjamzito, wakakaa karibu saa nzima. Yule binti alisimama chini ya mwembe wangu akaniuliza shule ya msingi iko wapi na maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki. Kijana aligongagonga kuta, akafungua mabomba yote, akapanda mpaka kwenye tanki. Wakati wa kuaga akasema, "Mama, sisi tuna sabini." Nilihisi amenitukana. Nikamwambia kwa sabini akanunue banda la kuku, nikafunga geti. Kabla ya hapo yule binti alikuwa ameropoka kwamba wao waliambiwa bei ni 128. Nikanyamaza nikidhani amekosea.

Mume wangu anasema nimefukuza riziki, tuchukue hiyo 70 tuondoke. Tangu siku ile kila mtu analala amegeukia ukuta wake. Dada, mtu akikutajia bei ya chini namna ile anajibiwaje? Nishushe, ningoje, au nikubali yaishe?

Mama wa Temboni

*

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Najua kilichokuuma. Nyumba uliyohamia na madirisha ya mabati ukaijaza kidogo kidogo, mtu anakuja kuitazama saa moja kisha anaitajia bei ya kiwanja kitupu. Mwaka 2014 niliuza nyumba yangu ya Tabata na nililia jikoni kabla sijaiuza, kwa hiyo sitakwambia uache kuumia. Ninachotaka uache ni kujibu ukiwa umeumia.

Naanza na yule kijana, maana ndiye mnunuzi wako wa kweli kati ya hao watatu. Mtu aliyekuja kukuchezea hapandi kwenye tanki. Hafungui mabomba yote, na mkewe haulizi shule. Wale walikuwa wamekwisha kuiona nyumba ile kuwa yao, wakapanga na mtoto atakapopita kwenda shule. Sabini yao ilikuwa neno la kwanza, na wewe ukalichukua kama neno la mwisho. Ukienda Kariakoo kununua kitenge ukaambiwa elfu 30, si unataja 15 bila kuona haya? Muuza kitenge hakufukuzi dukani. Anacheka, anakwambia ongeza, na ukiondoka anakuita. Kwenye nyumba tunasahau mwenendo huo kwa sababu kitu chenyewe ni jasho letu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Jibu la kwanza la bei ya chini liwe swali: "Hiyo sabini mmeifikiaje?" Uliulize kwa upole, kisha unyamaze umwache aeleze. Nyuma ya bei ya chini kuna mambo matatu tu. Ama anakupima, ama ndizo alizonazo mfukoni, ama ameona tundu kwenye nyumba au kwenye karatasi zako. Kila moja lina jibu lake, na huwezi kujua ni lipi kwa kufunga geti.

Kule Tabata nilitaka 80. Alikuja baba mmoja na fundi wake, akanitajia 55. Moyo ulinipasuka, lakini mama yangu mkubwa alikuwapo siku hiyo, akawavutia viti na kuwaletea maji ya kunywa. Nikamuuliza yule baba, hiyo 55 umeifikiaje? Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Fundi wake alikuwa ameandika kwa penseli: ufa chini ya dirisha la chumba cha watoto, chemba ya choo imejaa, nyaya za umeme za zamani, uzio wa nyuma hakuna. Kila kitu na bei yake, jumla milioni 11. Hapo nikajua kwamba 14 ndizo za kunipima na 11 ndizo za nyumba. Chemba niliilipia mwenyewe ikanyonywa wiki ile, fundi umeme nikamleta wangu, ufa tukauangalia pamoja ukaonekana ni wa plasta tu. Tulimaliza kwa 73. Bila ile karatasi ningemfukuza, na mtu aliyekuja baada yake alinitajia 60.

Kwa hiyo na wewe tutafute karatasi ya yule kijana. Hakukuonyesha, lakini katika barua yako nimeiona.

La kwanza ni hati. Umelitaja katikati ya maneno mengine kana kwamba ni jambo dogo: hati iko benki. Kwako ni mkopo wa ada unaolipika. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam ni kengele. Tembea mitaa yoyote hapa uhesabu kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu "NYUMBA HII HAIUZWI". Watu wameliwa fedha zao, wamenunua nyumba za urithi wenye ugomvi, wamenunua nyumba iliyouzwa na mume bila mke kujua. Mnunuzi akiuliza hati akaambiwa "ipo, ila kwa sasa…", anashusha bei palepale kimoyomoyo kufidia hofu yake. Na hata mkinyamaza, wakili wake akifanya upekuzi kwa msajili wa hati, rehani ataiona. Ikigunduliwa huko, mtaonekana mlificha. Ikitajwa na wewe mwenyewe, ukiwa na karatasi mkononi, inageuka kuwa hesabu ya kawaida.

Nenda benki wiki hii uombe barua inayoonyesha deni lililobaki hadi tarehe fulani. Kisha mpango unakuwa hivi: mnunuzi anaingia mkataba wa mauziano mbele ya wakili, sehemu ya kwanza ya malipo inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki inafuta rehani na kuiachia hati kwa wakili, fedha zilizobaki zinalipwa wakati wa kuhamisha umiliki. Mnunuzi anayeelezwa hivyo na mwenye nyumba, huku barua ya benki iko mezani, anapumua. Angalia pia kodi ya pango la ardhi kama haina malimbikizo, uyalipe na utunze stakabadhi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, hiyo isikusumbue sana.

La pili ni tangazo. "Mwenye nyumba ana shida"! Mdogo wangu, nani alimpa dalali ruhusa ya kutangaza shida zako? Mtu akisoma maneno hayo anakuja na bei ya shida. Kijana wa watu hakukudharau, alisoma kilichoandikwa. Tangazo hilo lifutwe leo, liandikwe upya kwa vitu vya kweli: vyumba, ukubwa wa kiwanja, hati, tanki, uzio, mwembe. Neno "haraka" liondoke. Hata "maongezi yapo" liondoke, kwa sababu kila Mswahili anajua maongezi yapo bila kuandikiwa, na ukiyaandika umeshashusha kabla hujaulizwa.

La tatu ni hiyo 128. Yule binti hakukosea. Hicho ni cha juu. Mlipatana na dalali asilimia 5, naye akaweka milioni 8 zake juu ya bei yako. Matokeo yake mnunuzi anaona nyumba ni ghali kuliko unavyoiuza, na wewe unaona mnunuzi ni bahili kuliko alivyo. Halafu kila bei inayokwenda na kurudi inapita mdomoni mwa mtu mwenye sababu zake. Sisemi dalali wote wako hivyo, wapo waliofanya kazi hii kwa uaminifu maisha yao yote na wanaijua mitaa kuliko mtu yeyote. Wako muite, mwambie bila kelele kwamba umejua, kisha mwandikiane karatasi moja: bei ni hii, asilimia yake ni 5 ya bei halisi itakayolipwa, analipwa fedha zikishaingia, na mazungumzo ya bei mwenye nyumba anakuwapo. Akikataa kusaini, umeshapata jibu lako.

Nakuja kwenye lisilopendeza. Bei yako ya 120 umeipata kwa jirani, na nyumba ya jirani iko barabarani. Kimara ni milima na makorongo, mwenyewe unaijua. Gari dogo linaloingia kwako Septemba, je, linaingia masika? Kama mnunuzi ataacha gari barabarani mwezi Aprili na kutembea kwa miguu kwenye tope, hilo lina bei yake, na uzuri wa marumaru zako haulifuti. Bei ya nyumba nyingine iwe kipimo chako ikiwa tu imeuzwa karibuni, iko njia kama yako na kiwanja kinalingana. Bei zinazotangazwa zisikudanganye. Zile ni matumaini ya wenye nyumba, uliza zilizolipwa.

Mtafute mthamini aliyesajiliwa, aje apime na kuandika ripoti. Ripoti yake kwa kawaida ina namba mbili, thamani ya soko na ile ya mauzo ya haraka, ambayo ni ndogo zaidi na ndiyo benki huitazama sana zikikopesha. Mnunuzi akikuletea hiyo ndogo, muonyeshe ile kubwa. Na ukikuta thamani ya soko iko chini ya 120, afadhali uipokee kutoka kwa mthamini mezani kwako kuliko kuipokea kwa wanunuzi kumi getini.

Sasa kalamu na daftari, na mzee wako aketi hapo. Kabla hujamjibu mtu yeyote tena, ninyi wawili mnatakiwa kuijua bei ambayo chini yake hamuuzi. Hiyo haitokani na hasira yako wala na uchovu wake, inatokana na kilichowafanya muuze. Muheza 38. Benki 14. Duka 20. Hizo ni 72 ambazo lazima zifike mkononi. Mkiuza 100, dalali anachukua 5. Kodi ya mapato kwenye faida, kwa mkazi wa nchi, ni asilimia 10 ya faida na si ya bei yote. Tuseme mkikusanya risiti za saruji, nondo, mabati na mkataba wa kiwanja mkathibitisha gharama za milioni 60, faida ni 40 na kodi ni 4. Kwa nyumba mliyoishi wenyewe miaka 3 na zaidi, faida isiyozidi milioni 15 ina msamaha, kwa hiyo nendeni TRA wawapigie hesabu kamili kabla hamjasaini. Wekeni 3 za wakili, mthamini na lori la kuhamia. Jumla ya gharama ni 12. Maana yake ni kwamba mstari wenu wa chini uko karibu na 85.

Mwonyeshe mzee hesabu ya 70 vilevile, kwa upendo. Toa deni 14, zinabaki 56. Toa ya dalali 3 na nusu, toa 3 za wakili na kuhama (kodi sijaitoa, maana faida ya 10 iko ndani ya ule msamaha), zinabaki 49 na nusu. Toa 38 za fundi. Mtafika Muheza na milioni 11 na nusu, hamna duka, na Dar es Salaam hamna pa kurudi. Naamini akiziona kwenye karatasi hatasema tena mchukue yaishe. Lakini na yeye ana haki katika moja: mnunuzi mlimfukuza, na miezi minne ni mingi kwa watu wanaoishi kwa kungoja. Msinuniane kwa hili. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na wakili atataka saini zenu zote mbili. Kwa hiyo hakuna atakayemshinda mwenzake. Mkubaliane namba, iandikwe daftarini, na mmoja wenu tu ndiye azungumze na wanunuzi. Mnunuzi akisikia sauti mbili ataifuata ile laini.

Ukishaijua namba ya chini, bei ya chini haikutetemeshi tena. Unaisikiliza tu.

Yule wa simu wa 65 hajaiona nyumba, basi hajatoa bei. Mjibu kwa sentensi moja: "Karibu uje uione kwanza, kisha tuzungumze." Asipokuja hukupoteza kitu. Watu wa "taslimu leo hii" wengi wananunua ili wauze kesho, na faida yao ndiyo hasara yako.

Yule mzee wa Muscat, 105 yake inang'aa lakini ukiifungua ndani ni 30. Zilizobaki 75 ni ahadi ya miezi 14, na wakati huo wao wako ndani na wewe uko Muheza unapiga simu. Mtu aliyekwisha kuingia ndani hana haraka ya kumaliza kulipa. Usimkatalie kwa ukali. Mwambie unapokea awamu zisizozidi miezi mitatu, fedha zote zinaingia benki, funguo na hati vinatoka siku ya malipo ya mwisho, na mkataba uandike wazi nini kitatokea akikwama, anarudishiwa kiasi gani na lini. Kama ndugu yake ana kazi ya kudumu, huenda akapata mkopo wa nyumba benki akakulipa kwa mkupuo. Akikubali masharti hayo, ni mnunuzi mzuri. Akikataa, usisikitike.

Kuna jambo jingine huenda ukaletewa, na nataka likukute umejiandaa. Mnunuzi anaweza kukwambia, "Mama, tuandike 50 kwenye mkataba ili kodi iwe ndogo, nyingine nakupa mkononi." Kataa. Ni kosa kisheria, thamani inahakikiwa na mthamini wa serikali, na ugomvi ukitokea mahakama itasoma 50, haitasoma zilizopita mkononi.

Tumrudie kijana wetu. Mpigie mwenyewe, usimtume dalali. Ukishakuwa na barua ya benki na umeshasemezana na mzee, sema maneno ya namna hii, kwa sauti yako ile ya kawaida:

"Mwanangu, mimi ni mama wa Temboni mliyekuja kuiona nyumba. Siku ile nilikujibu vibaya, naomba unisamehe. Nyumba bado ipo. Hiyo bei yako siiwezi, lakini nilitaka kujua mliifikiaje, kuna kitu mlikiona?"

Kisha nyamaza. Atakwambia. Akisema tatizo ni hati, unayo barua. Akisema njia, mmeshajua thamani kwa mthamini. Akisema waliambiwa 128 wakaona mnawaibia, mwambie bei ya kweli na umwalike kwako bila mtu wa kati, ila dalali umlipe haki yake maana ndiye aliyewaleta. Akisema ndizo pekee walizonazo, muulize wanaweza kuongeza nini wakipewa miezi miwili. Vijana wengi wana kikoba, wana mkopo wa mshahara hawajauomba, wana kiwanja mahali wanaweza kukiuza.

Ukianza kushuka, shuka polepole. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Wewe uko 120, yeye yuko 70, mtu mzima mmoja atasema "basi kutaneni katikati", na katikati ni 95. Ukiruka mpaka hapo kwa mara moja, kesho 95 inakuwa juu yako na yeye bado yuko 70, mtakutana 82, chini ya mstari wenu. Toka 120 uende 114, na kila ukishuka na yeye atoe kitu: aweke kishika uchumba cha maana kwa wakili, alipe ushuru wa stempu ile asilimia 1, au amalize ndani ya siku 30. Akipanda 78 mshukuru, usimcheke. Ukiona hatua zako zinazidi kuwa ndogo na zake pia, mmekaribia. Na usimdanganye kwamba kuna mtu mwingine amepanda dau kama hayupo. Mtaa una masikio, na ukishashikwa na uongo mmoja hata hati yako ya kweli itatiliwa shaka.

Unaweza pia kumpa vitu ambavyo kwako ni vyepesi na kwake ni vizito. Tanki liache. Mapazia ya sebuleni, ambayo Muheza hayataingia kwenye madirisha yale, yaache. Mruhusu alete fundi wake Jumamosi apime chumba cha mtoto. Nimeona watu wakipanda milioni tatu kwa sababu ya tanki na moyo mzuri.

Asipofika 85, mkatae kwa adabu: "Nashukuru, sijaweza kufika hapo, ukipata zaidi nipigie." Tunza namba yake. Wengine hurudi baada ya wiki sita, wakishazunguka Goba na Mbezi wakaona zilizopo kwa fedha yao.

Kama Januari inakaribia, msiwe na presha ya kukubali lolote mwezi huo. Ada za shule zinakomba mifuko ya watu na simu zinapungua, si kwa nyumba yako peke yake.

Kwa hiyo Jumatatu uanze na benki, Jumanne uonane na dalali. Mthamini akishamaliza, mpigie kijana Jumamosi jioni akiwa amepumzika nyumbani, weka simu kwenye spika, na mzee akae kiti cha pembeni asikilize. Ukiona mkewe ameichukua simu kuuliza kuhusu maji, mwambie ukweli wa zamu za maji pale kwenu, kisha mwambie maembe yanaiva lini.